Kabla hujanunua kikapu, mwaga ndoo yako ya taka

Wiki moja ya Januari, mvua ikiwa imeshika kweli hapa Mtwara, niliwakataza wanangu kwenda kumwaga taka. Siku ya saba nikatandika turubai uani, nikavaa glavu, nikaanza kuchambua. Jirani aliyechungulia juu ya ua aliondoka bila kuniuliza kitu.

Maganda ya mihogo, maganda na kokwa za maembe, mabua ya mchicha, machicha ya nazi, wali uliochacha: ndoo kubwa nne. Lailoni zote za wiki nzima, nilipozishindilia, ziliingia kwenye kopo moja la maziwa ya unga.

Nimefundisha sayansi kimu miaka mingi, na kila nilipofika kwenye somo la taka nilianza na mifuko. Turubai lile lilinisuta. Zaidi ya nusu ya taka za nyumba zetu ni vitu vinavyooza, na hivyo ndivyo vinavyoharibu vingine. Boksi lililolowa maji ya samaki halifai tena kitu. Chupa iliyopakaa mchuzi, vijana wanaookota makopo ya kuuza wanaiacha. Na ndoo inayonuka lazima imwagwe leo, hata kama haijafika nusu.

Kwa hiyo nilianza na ndoo ya pili, kuukuu, mkono umekatika lakini mfuniko upo. Ya kwanza inabaki na vikavu, hii inapokea vibichi. Senti moja haikutoka.

Kuvifikisha vile vibichi pazuri ndiko kulikonishinda mwanzoni. Nilichimba shimo nyuma ya nyumba nikawa namwaga tu. Siku ya tano jirani akapiga hodi. "Mwalimu, samahani, hakuna kuku aliyekufa huko kwako?" Kuku hakuwepo. Yalikuwepo maganda yaliyojaa maji. Lundo likikosa hewa, vijidudu vinavyofanya kazi ni vile visivyohitaji hewa, na vyenyewe hutoa harufu ya yai viza. Isitoshe, huku kwetu kuanzia Desemba hadi Aprili shimo hugeuka bwawa.

Sasa narundika juu ya ardhi, chini ya kipande cha bati. Kila ndoo moja ya maganda naifunika kwa ndoo mbili za majani makavu. Ya mwembe yanafaa sana. Ya mkorosho pia, ila ni magumu kama ngozi, yaponde kwanza la sivyo utayakuta mazima mwakani. Kila wiki napindua kwa jembe. Kupima unyevu, kamata konzi moja uifinye: yakidondoka matone mawili matatu, sawa, yakitiririka, ongeza majani makavu. Baada ya miezi mitatu hivi inakuwa nyeusi na inanukia kama ardhi iliyonyeshewa. Kwenye kichanga chetu hiki, kinachonywa maji na kuyapitisha papo hapo, mboji ndiyo inayoyashika yakae kwenye mizizi. Mchicha wangu ni shahidi.

Vitu vitatu siviweki humo. Matumbo ya samaki nayafukia chini ya mpapai, kina cha mkono hadi kiwiko, maana ukiyaacha juu paka wa mtaa mzima watafanya mkutano kwako. Machicha ni ya kuku. Maganda ya mihogo nampa jirani mwenye mbuzi, ila nayaanika kwanza, hasa ya muhogo mchungu, kwa sababu sumu yake hupungua yanapokauka.

Sasa zile lailoni. Kopo moja kwa wiki ni kidogo, lakini tazama zinakoishia: tunawashia jiko! Kipande cha mfuko juu ya mkaa, kiberiti, na mpishi ameinama anapepea, uso wote ndani ya moshi ule mweusi, mtoto mgongoni. Kama utabadilisha kitu kimoja tu baada ya kusoma hapa, badilisha hiki. Tuna makumbi ya nazi. Chambua nyuzi za kumbi kavu mpaka zilegee kama nywele, viringa kiota, weka vipande vya kifuu juu yake, kisha mkaa. Unashika haraka. Masika hifadhi gunia la makumbi chini ya upenu, kwa sababu kumbi lililolowa litakutoa machozi, na utarudi kwenye lailoni kwa hasira.

Maganda ya korosho usiyaguse kwa kazi hii. Najua yanawaka kama yametiwa mafuta ya taa, na ni kweli yana mafuta, lakini ni yale makali yanayobabua ngozi, na moshi wake unawasha macho na koo. Waliowahi kubangua korosho nyumbani waangalie vidole vyao.

Mifuko nitasema kidogo. Ile ya plastiki, rambo, ilipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, tukahamia kwenye mifuko mbadala, ile inayofanana na kitambaa. Wanafunzi wangu karibu wote huamini ni kitambaa. Mingi ni plastiki ya polipropilini iliyobanwa kutoka nyuzi. Ukigusisha moto inayeyuka na kudondoka, wala haiwi majivu kama pamba. Ukiuacha juani miezi kadhaa unapukutika vipande vidogovidogo, na huokoti tena. Faida yake ipo kama unautumia mara nyingi. Mimi nilikuwa nayo kumi na saba nyuma ya mlango, kwa hiyo nilikuwa najidanganya tu. Kikapu cha ukili nilichonacho sasa nilikikuta chumbani kwa mama, na hiyo ndiyo bei ninayoipendekeza. Kununua kipya ili kutupa kizima kilichopo ni kuongeza taka kwa heshima.

Kwa samaki kikapu hakifai, kinabaki na shombo. Naenda na kindoo chenye mfuniko, au nikiwapata wanaosuka, pakacha la makuti. Likichoka linaingia kwenye lundo la mboji. Mara za kwanza muuzaji alishanifungia kabla sijafungua mdomo. Siku hizi namnyooshea kindoo kabla ya salamu, adabu baadaye.

Badala ya kununua maji ya chupa, chemsha yako, yatokote dakika moja, yapoe, tia mtungini. Mtungi hupoza kwa sababu maji hupenya kwenye udongo na kukauka nje, kwa hiyo unahitaji kivuli na upepo. Wakati wa kusi unapoza vizuri. Hewa ikiwa nzito ya mvua, usitegemee sana, na usiulaumu.

Sponji ya kuoshea vyombo nimeshaiacha kabisa, nikarudi kwenye dodoki. Panda kandokando ya ua mvua za kwanza, liache likaukie juu mpaka likitikiswa linacheza mbegu, menya, kata vipande. Mmea mmoja umenipa ya mwaka mzima na mengine nimegawa. Mbegu ninazo, anayepita aje na kipande cha gazeti nimfungie.