Saa ya mwili na mazoea ni vitu viwili

Siku hizi kila mtu Kampala ana saa ya mwili. Mmoja anakwambia saa ya mwili wake ni saa sita usiku, yani hapo ndo anapolalaga, mwingine wa kazi za usiku anasema yake ilishageuka. Nimeyasikia mno, ngoja niandike.

Kwa ufupi: ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale neva za macho zinapopishana, kuna kifungu cha seli kama 20,000 kinachopanga mwili uchangamke lini, upoe lini, na melatonini, ile homoni ya usingizi, itoke lini. Ini, moyo na utumbo navyo vina saa zao ndogo zinazofuata hiyo kubwa. Maana ndo hiyo.

Shida naona inaanzia kwenye neno lenyewe. Saa tumelitoa kwa Waarabu, na tunalitumia kwa mambo mawili, wakati (saa nne) na chombo kinachopima wakati (saa ya ukutani). Kwenye saa ya mwili tunazungumzia chombo. Hiyo saa sita usiku ni ratiba yako tu, pengine simu ndo imekupangia. Chombo chenyewe kinahesabu hata usipokiangalia: mwaka 1962 Mfaransa Michel Siffre alikaa miezi miwili pangoni bila saa wala jua, anatoka tarehe 14 Septemba yeye anadhani ni 20 Agosti, kumbe muda wote huo mwili wake gizani uliendelea kulala na kuamka kwa mzunguko uliozidi saa 24 kidogo tu.

Mzunguko huo wataalamu wanauita sirkadia, kutoka Kilatini, circa ni karibu, dies ni siku. Hilo "karibu" ndo watu wanaliruka! Kwa wengi wetu saa hii inapitiliza 24 kwa dakika chache, kwahiyo ikiachwa yenyewe inachelewa kila siku, na kinachoirudisha ni mwanga unaoingia machoni, hasa wa asubuhi. Sisi wa ikweta tuna bahati, jua letu linachomoza karibu wakati uleule Januari mpaka Desemba, na hata hesabu yetu ya saa inaanzia hapo, kukikucha ndo saa moja, Waganda nao ssaawa emu.

Sasa hili la "imegeuka" ndo linaniuma zaidi. Juzi nilishuka kwenye basi la Arua, nafika nyumbani saa kumi usiku namkuta mzee anayelinda geti letu kajikunyata, koti zito limefungwa mpaka shingoni, na usiku wenyewe haukuwa na baridi. Akanambia, "Mwanangu, baridi ya saa hizi sijui inatokaga wapi, na mimi miaka tisa niko usiku, saa ya mwili ilishageuka." Lakini baridi hiyo ndo saa yenyewe inaongea. Mwenye saa ya mchana, joto la mwili wake linashuka kabisa karibu na alfajiri, ingekuwa imegeuka kweli lingeshuka mchana yuko kitandani. Na itageukaje, wakati kila asubuhi anapanda boda jua likimpiga usoni, linairudisha palepale, halafu siku ya ofu analala usiku na watu wake? Mazoea anayo, anajua kukaa macho. Ila posho anayokula saa nane usiku inaukuta mwili hauko tayari na sukari, usingizi wa mchana unakatika katika, na tangu 2007 shirika la utafiti wa saratani la WHO limeiweka kazi ya shifti inayovuruga saa hii kwenye vitu ambavyo huenda vinaleta saratani.

Nikamwambia, mzee, kuzoea umezoea, sikatai, ila saa yako bado ni ya mchana. Ukitoka asubuhi vaa kofia na miwani ya jua, ukifika nyumbani ziba dirisha na blanketi kabla hujalala.