Sahani za Bati ndani ya Perseus

Chini ya matao ya Loggia dei Lanzi, katika uwanja wa Piazza della Signoria mjini Florence, Italia, imesimama sanamu ya Perseus aliyoifanya Benvenuto Cellini kwa agizo la Mtawala Cosimo I de' Medici, kazi iliyoanza mwaka 1545 na kuzinduliwa mwaka 1554. Shujaa huyo wa visasili vya Kigiriki amekanyaga kiwiliwili cha Medusa, huku ameinua kichwa chenye nywele za nyoka ambacho kila aliyekitazama aligeuka jiwe. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ni kusubu metali, yaani kuiyeyusha na kuimimina ipate umbo, huitazama kwanza kama kazi ya tanuru.

Umbo lilifinyangwa kwa nta juu ya kiini cha udongo, likafunikwa udongo tena uwe kalibu, kisha nta ikayeyushwa ili iache uwazi wa kujazwa shaba nyeusi, yaani mchanganyiko wa shaba na bati. Medusa alisubiwa peke yake, mapema. Perseus ndiye aliyekuwa na hatari, kwa sababu metali inayopita katika njia nyembamba na ndefu hupoteza joto, na ikiganda kabla ya kufika mwisho, kiungo hukosekana.

Cellini, ambaye kujisifu hakukumpa taabu, anasimulia katika tawasifu yake kwamba alikuwa kitandani na homa alipoambiwa kazi imeharibika, akakuta metali imeganda tanuruni kama uji uliopoa. Aliagiza kuni kavu za mwaloni, akaongeza bati, na hatimaye akatupa humo sahani zake za aloi ya bati, kama 200 hivi. Hata tukipunguza chumvi, kisa hiki kina mantiki. Shaba tupu huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 za Selsiasi na bati kwenye nyuzi 232 tu, kwa hiyo bati likiongezwa, mchanganyiko huyeyuka kwa joto dogo zaidi na kutiririka kwa wepesi. Cellini mwenyewe aliamini kwamba moto mkali ulikuwa umeliteketeza bati la awali.

Alikuwa amemwonya Cosimo kwamba mguu wa kulia, ulio chini kabisa, hautajaa. Kalibu ilipovunjwa, mguu ulikuwa umejaa isipokuwa vidole na sehemu ndogo juu yake, naye akalazimika kuviunda upya. Nusu alifurahi, nusu aliudhika kwamba utabiri wake haukutimia wote.