Shahnameh "iliokoa" Kiajemi? Taratibu kidogo

Hii ya "bila Ferdowsi leo Wairani wote wangekuwa wanaongea Kiarabu kama Wamisri" imeshakuwa wimbo wa taifa huku mitandaoni, sasa tuongee.

Shahnameh ni nini, fasta: utenzi wa beti kama 50,000 kuhusu wafalme na mashujaa wa Uajemi (Iran ya leo), toka zile enzi za visasili mpaka Waarabu wanaiangusha dola ya Wasasani karne ya 7. Ferdowsi wa Tus, Khorasan, aliumaliza mwaka 1010. Nasema utenzi ili tuelewane tu, maana hauna kina cha bahari kama tenzi zetu, kila ubeti una vipande viwili vyenye kina kimoja, unaofuata unakuja na chake.

Haya, kuokoa. Anayeokolewa si ni yule aliyekuwa anakufa? Kiajemi kilikuwa kizima kabisa, Wasamani, watawala wa kule Bukhara, walishakuwa wanawalea washairi wa Kiajemi, Rudaki amefariki 941 Ferdowsi bado mdogo kabisa, na mwaka 963 waziri wao Bal'ami akaanza kuiweka kwa Kiajemi historia ya Tabari iliyoandikwa kwa Kiarabu. Hata visa vyenyewe vilishaandikwa kwa nathari palepale Tus mwaka 957, na beti kama 1,000 za Shahnameh ni za mshairi Daqiqi aliyeuawa kazi ikiwa changa, tena Ferdowsi mwenyewe anasema wazi. Ule ubeti mnaoushea kila siku eti "nimeifufua Ajam (yaani Waajemi) kwa Kiajemi hiki", wapo wataalamu wanaosema ulichomekwa baadaye. Na maneno ya Kiarabu mle yamo, machache lakini yamo, halafu hati yenyewe ni ya Kiarabu!

Kilichofanyika ni kwamba watu walipata kitu cha kurudia rudia. Manaqqali, wale wasimulizi wa hadithi, wakawa wanasimulia Rostam anavyomuua mwanawe Sohrab bila kumjua, migahawani, kwa watu ambao wengine hata kusoma hawajui, na kwenye zurkhaneh, zile jimu zao za asili, mpaka leo anayeongoza mazoezi anapiga ngoma huku anaimba beti za Shahnameh. Lugha imekaa midomoni hivyo miaka elfu.

Kwa hiyo mkimsifu mzee wa Tus semeni aliipa lugha iliyo hai kumbukumbu ya pamoja, inamtosha sana, na msiseme Wairani peke yao, Watajiki na Waafghani wanaoongea Kidari, yaani Kiajemi cha kwao, nao ni wake.