Laini mbili si lazima ziwe njia mbili: dhana potofu kuhusu upangaji wa mtandao, kutoka huku Mbeya

Kamwene wadau. Kazi yangu ni kupanga mawasiliano huku nyanda za juu kusini, yaani faiba (waya wa kioo unaobeba data kwa mwanga) ipite wapi, mnara ukae kilima gani, data ikitoka hapa izungukie wapi. Kila mtandao ukizingua nasikia maneno yaleyale pale kijiweni Mwanjelwa, na mengine nayasikia hata kwa mafundi wenzangu, jambo ambalo linanisumbua zaidi maana hao ndo wanaopewa bajeti. Naomba niyaweke sawa. Na nikisema laini simaanishi kadi ya simu, ni waya au redio inayounganisha sehemu mbili.

Dhana: data inapita njia fupi kwa kilomita

Hapana. Rauta, ile mashine inayoielekeza data njia ya kupita, haijui kilomita, inajua gharama tu, na gharama ni namba ambayo mtu ameiandika au kanuni imeitoa. Namna ya kutafuta njia yenye jumla ndogo kuliko zote aliibuni Mholanzi Edsger Dijkstra mwaka 1956, alikuwa amekaa mgahawani Amsterdam na mchumba wake, akaimaliza kichwani kwa dakika kama 20 bila kalamu wala karatasi, akaichapisha 1959, na mpaka leo ndo inayofanya kazi ndani ya OSPF, utaratibu wa rauta kuchagua njia ambao makampuni mengi yanautumia kwenye mitandao yao ya ndani.

Sasa angalia mtego. Kwenye rauta nyingi, usipogusa kitu, gharama inapatikana kwa kugawa Mbps 100 (kipimo cha kasi ya data) kwa uwezo wa laini, na jibu likishuka chini ya 1 linahesabiwa 1. Kwahiyo laini ya redio ya Mbps 100 inapata 1, na faiba ya Gbps 10 ambayo ni kubwa mara 100 nayo inapata 1! Rauta inaziona ni sawasawa kabisa, inaweza kujaza ile nyembamba huku faiba iko karibu tupu. Hesabu ya Dijkstra hapo haijakosea popote, aliyeiacha namba ya kiwandani bila kuibadilisha ndo amekosea.

Na kilomita zenyewe hazina uzito ambao watu wanaupa. Mwanga ndani ya faiba unakimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwahiyo Mbeya mpaka Dar, tuseme kilomita 850, ni kama milisekunde 4 tu kwenda. Ukiizungusha kwa Dodoma utaongeza kama milisekunde 1, hakuna binadamu atakayeihisi. Ukiona video inakwamakwama usiulaumu umbali.

Dhana: tumelipia laini mbili, tuko salama

Hii ndo inaniuma kuliko zote.

Tarehe 12 Mei 2024 tuliona wote. Mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu siku moja huko karibu na Afrika Kusini, intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani. Majina mawili, wamiliki tofauti, lakini zote zikapata balaa siku ileile.

Huku kwetu ni hivyohivyo, badala ya bahari weka barabara. TANZAM, barabara kuu ya Dar kwenda Zambia, ikitoka Mikumi inabanwa na mto Ruaha halafu inapanda Kitonga, upande huu mwamba upande ule bonde, anayepitisha waya pale hana pa kuchagua. Kuna taasisi moja niliwahi kuihudumia, ilikuwa na laini za makampuni mawili tofauti na inalipa bili mbili kila mwezi, mkurugenzi anasema kwa kujiamini kabisa sisi hatuzimiki. Siku hiyo kijiko kilikuwa kinachimba mtaro pembeni ya barabara, kikang'oa laini zote mbili kwa pigo moja maana zilikuwa zimelazwa mita chache tu, na watu walikaa foleni dirishani mpaka jioni. Namkumbuka mama mmoja kwenye foleni hiyo, alitoka Chunya na nauli ya kwenda na kurudi tu.

Kwahiyo kwenye kupanga hatuhesabu laini, tunahesabu hatari. Kila kipande cha njia unakiandikia kinachoweza kukiua, mtaro huu, daraja hili, nguzo hizi, na vipande vinavyokufa kwa sababu moja unavihesabu ni kimoja hata kama vina rangi tofauti kwenye ramani. Chukua reli ya TAZARA. Yenyewe inakuja kivyake kupitia bonde la Kilombero na Mlimba, Kitonga haiigusi kabisa, safi, lakini inakuja kukutana na barabara Makambako. Ukiwa na waya mmoja barabarani na mwingine relini na vyote vinaingia jengo moja pale Makambako, jengo hilo likiungua una njia ngapi? Ndo maana tunaangalia Dodoma kwa upande mmoja na Songea–Tunduru–Masasi kwa upande mwingine, ingawa kwa kilomita ni mzunguko mkubwa.

Kuna kosa jingine hapohapo, hili ni la wataalamu. Fundi anatafuta njia fupi kwanza, anaifuta, halafu anatafuta nyingine kwa kilichobaki, anasema tayari nina mbili. Tuchukue mfano wa kubuni. Mbeya–Chimala gharama 1, Chimala–Mafinga 1, Mafinga–Iringa 1, halafu kuna Mbeya–Mafinga moja kwa moja 3 na Chimala–Iringa 3. Njia rahisi ni ile ya 1 na 1 na 1, jumla 3. Ifute uone kinachobaki, kutoka Mbeya unafika Mafinga unakwama, huwezi kufika Iringa kabisa! Lakini njia mbili zisizogusana zipo, Mbeya–Chimala–Iringa na Mbeya–Mafinga–Iringa, kila moja 4. Yaani ukishikilia ile bora ya kwanza umejifungia mlango wa pili. J. W. Suurballe alionyesha mwaka 1974 jinsi ya kutafuta jozi nzima kwa pamoja, hesabu ipo, ni kuitumia tu.

Dhana: laini imetumika 90%, bado 10% ipo

Ipo kwenye grafu. Kwenye foleni ya data inayosubiri kupita haipo. Mdenishi Agner Krarup Erlang alianza kuzichambua foleni za simu mwaka 1909 na toka hapo tunajua kusubiri hakupandi taratibu. Kwa foleni ya aina rahisi kabisa, laini ikijaa 50% muda wa kupita unakuwa mara 2 ya laini ikiwa tupu, 80% mara 5, 90% mara 10, 95% mara 20. Angalia hapo mwishoni, asilimia 5 tu zimeongezeka na muda umekuwa mara mbili. Halafu mtu anakuletea wastani wa siku nzima, usiku wa manane umo ndani! Tunapanga kwa saa ile ya jioni ambayo kila mtu yuko nyumbani na simu mkononi.

Dhana: kompyuta za siku hizi zinajaribu mipango yote

Una vilima 60 kati ya Uporoto na Kipengere ambavyo mnara unaweza kukaa, kila kimoja ni weka au usiweke. Mipango inayowezekana ni 2 kwa kipeo cha 60. Kompyuta inayokagua mipango bilioni 1 kila sekunde itachukua miaka kama 36. Ongeza kilima kimoja tu, miaka 73. Ongeza kumi, unaingia miaka zaidi ya 37,000.

Kinachotuokoa ni kukata matawi bila kuyapanda, njia ambayo akina mama wawili, Ailsa Land na Alison Doig, waliichapisha 1960 wakiwa Uingereza. Unapiga hesabu ya haraka kwamba tawi hili, yaani kundi zima la mipango, hata likiendaje haliwezi kushinda mpango nilioushika mkononi, basi unaliacha lote. Na uzuri wake ambao naupenda sana, hata ukiisimamisha katikati inakuambia mpango ulionao haujaachwa na ule bora kabisa kwa zaidi ya, mfano, 3%. Programu nyingi za kubahatisha haziwezi kukuahidi hilo.

Dhana: ukiuona mnara wa pili kwa macho, laini ya redio itashika

Jicho linahitaji uzi mwembamba, redio inahitaji nafasi nene kuzunguka ule uzi. Kwa laini ya kilomita 30 kwa masafa (frikwensi) ya GHz 7, pale katikati ile nafasi ina nusu-kipenyo cha mita kama 18, na angalau 60% yake tunataka iwe wazi. Mvua ya Rungwe nayo inayala zaidi masafa ya juu, ndo maana laini ya masafa ya juu inayopeta sehemu kavu inaweza kuteseka Tukuyu.

Mufindi nilipata somo langu. Tulipima laini ikapita juu ya shamba la misindano, kila kitu kizuri, ramani ya miinuko ikakubali, mpango ukatoka bora. Baada ya miaka michache nguvu ikaanza kushuka kidogokidogo, tukabadilisha antena, tukabadilisha redio, wapi. Ni misindano ilikuwa imekua. Siku hizi kabla sijaingiza namba yoyote kwenye kompyuta namtafuta mwenye shamba kwanza, namuuliza miti hii mmepanda mwaka gani na mnavuna lini.