Jeshi letu limerithi nini kwa wageni? Dhana potofu na ukweli

Kila maadhimisho ya Siku ya Mashujaa, Julai 25, yanapofanyika hapa Dodoma, mabishano huanza kabla vumbi la gwaride halijatulia. Mmoja atasema kwata lile ni la Kiingereza tupu. Mwingine atamkatiza: siku hizi kila kitu ni Mchina. Wa tatu atafunga kwa kusema jeshi la Kiafrika halina chake, limepewa tu. Haya nimeyasikia mara nyingi kwenye vijiwe vya kahawa na yananiuma, maana sehemu ya majibu iko mkoani kwetu.

Dhana: "JWTZ ni King's African Rifles iliyobadilishwa jina"

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa miaka miwili tu. Baada ya uhuru, Desemba 9, 1961, batalioni za King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika, zilizokuwa nchini ziliitwa Tanganyika Rifles, zikabaki na maofisa wa Kiingereza na mazoea yaleyale. Kambi ya Dar es Salaam iliitwa Colito, jina la mahali huko Ethiopia ambako KAR walipigana na Waitalia mwaka 1941. Januari 20, 1964, askari wa Colito waliasi wakidai mishahara bora na maofisa Waafrika. Mwalimu Nyerere akalazimika kuwaomba Waingereza msaada, na Januari 25 makomando wao wakashuka kwa helikopta kutoka kwenye meli ya kivita.

Kenya na Uganda nazo zilipatwa na maasi wiki hiyohiyo, lakini hazikufika alikofika Mwalimu: alilivunja jeshi zima. Askari wa Nigeria wakaja kutushikia lindo huku vijana wapya wakiandikishwa, wengi wao kutoka umoja wa vijana wa TANU. Septemba 1, 1964, JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, ikazaliwa. Mkuu wake wa kwanza, Mrisho Sarakikya, alikuwa amesomea chuo cha kijeshi cha Sandhurst, Uingereza, kwa hiyo hakuna anayedai kwamba kila cha Mwingereza kilitupwa. Ila Colito ikawa Lugalo, jina la pale karibu na Iringa ambapo Agosti 17, 1891 Wahehe wa Mkwawa walikiangamiza kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Zelewski. Jina la kwanza lilikumbusha Waafrika wakiipigania dola ya mkoloni. La pili linakumbusha Waafrika wakimpiga mkoloni. Kwangu mimi, aliyechagua jina hilo alijua vizuri sana anachokifanya.

Dhana: "Maneno yote ya jeshi ni ya Kiingereza"

Koplo, luteni, meja, kanali: hayo ni kweli. Lakini pita shule yoyote ya msingi asubuhi, watoto wakiwa paredi, umsikie kiranja wa darasa la sita akipaza sauti: "Mguu pande! Mguu sawa!" Mwendo ni wa Mwingereza, amri ni ya Kiswahili, na mtoto anayeitoa hajui kama kuna mgeni aliyehusika.

Na "afande" je? Bodaboda akisimamishwa na trafiki, anaanza na "shikamoo afande" hata kabla hajavua helmeti. Neno hilo ni la Kituruki, efendi. Lilipita Misri na Sudan, likafika kwetu na askari Wasudani. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann aliwaandikisha wengi wao Cairo ili waje kuwapigania Wajerumani, na mwaka huohuo msafara wake ukafika Mpwapwa na kuweka kituo. Waingereza nao waliwatumia Wasudani katika KAR, na cheo cha efendi wakawa nacho.

Dhana: "Tulimwacha Mwingereza tukamkumbatia Mchina"

China ilisaidia sana, hilo halina ubishi. Lakini miaka ile ya mwanzo tulikuwa na walimu wa kila namna. Wajerumani wa Magharibi walikuja, wakaondoka mwaka 1965 kwa ugomvi uliohusu Ujerumani Mashariki na Zanzibar. Wakanada wakaingia mwaka huo, wakafundisha hadi 1970. JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, iliyoanzishwa Julai 10, 1963, ilichukua mengi kutoka Israel, hasa wazo la kijana anayeshika bunduki na jembe kwa pamoja. Ukiwaona vijana wa JKT wa Makutupora kwenye mchakamchaka alfajiri, unaona wazo hilo likiwa bado hai. Siasa ndani ya jeshi tuliichukua kwa wajamaa wa Mashariki, na mwaka 1992 vyama vingi viliporudi, wanajeshi wakakatazwa uanachama wa chama chochote.

Dhana: "Aliyekufundisha ndiye anayekupa tabia"

Idi Amin aliingia KAR mwaka 1946. Mzizi ule uliotoa Tanganyika Rifles ndio uliomtoa yeye. Mwaka 1978 majeshi yake yalipovamia Kagera, jeshi lililowatoa na kuingia Kampala Aprili 11, 1979 lilitokana na nchi yenye urithi uleule wa kikoloni. Kwata lilifanana. Kilichotofautiana ni namna kila nchi ilivyoamua jeshi limtii nani.

Dhana: "Sisi ni wa kupokea tu"

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote. Ukitoka Dodoma mjini kuelekea mashariki, unaiacha barabara kuu ya Morogoro pale Mbande, unaingia Kongwa. Waingereza walikuja huko mwaka 1947 na mradi wao mkubwa wa karanga. Ardhi ngumu na ukame vikawashinda, mwaka 1951 wakauacha. Mwaka 1964 eneo hilo likapewa wapigania uhuru. FRELIMO wa Msumbiji walitangulia, baadhi wakiwa wametoka mafunzoni Algeria, na Samora Machel akawa miongoni mwa viongozi wa kambi. Wakafuata SWAPO wa Namibia, ANC wa Afrika Kusini, ZAPU wa Zimbabwe na MPLA wa Angola.

Fikiria kambi moja yenye vijana wa nchi tano, kila kundi na mafunzo ya mahali pake, na Wagogo wa vijiji vya jirani wakiwauzia mtama na kuzoeana nao. Vita vya Msumbiji vilianza Septemba 25, 1964. Wapiganaji wa SWAPO walioshambuliwa Omugulugwombashe Agosti 26, 1966 walikuwa wamepita Kongwa, na siku hiyo leo ni Siku ya Mashujaa ya Namibia. Majeshi ya taifa ya nchi zile yaliundwa baadaye kwa watu wa kambi kama hii.

Baadhi yao hawakurudi kwao. Makaburi yao yako Kongwa, kwenye ardhi ileile ngumu iliyokataa karanga.