Metallica 1991: walipopunguza mwendo, besi ikapata pa kukaa

Kila inapotajwa albamu ya 1991 ya Metallica, bendi ya Marekani ya thrashi (metali nzito inayopigwa kwa kasi), ile yenye jalada jeusi, hakosekani wa kusema kwamba hapo ndipo walipojiuza kwa ajili ya soko. Kazi yangu ni kuchanganya sauti studio, na lawama hiyo nimeizoea. Huwa namuuliza mlalamikaji swali moja tu: kwenye albamu iliyotangulia, ile ya 1988, gitaa la besi umewahi kulisikia?

Albamu hiyo ni "...And Justice for All". Ina nyimbo 9 ndani ya dakika 65, na wimbo uliobeba jina la albamu unakaribia dakika 10. Jason Newsted ndiye aliyekuwa kwenye besi, baada ya Cliff Burton kufariki katika ajali ya basi nchini Uswidi, Septemba 1986. Besi ya Newsted imezikwa hai. Wakati wa kuchanganya sauti ilishushwa mno, tena kwa matakwa ya wenye bendi, na hata pale ilipobaki inamfuata James Hetfield, mwimbaji na mpiga gitaa, noti kwa noti, kwa hiyo gitaa linaimeza. Gitaa lenyewe limechimbwa katikati: sauti za chini zimebakizwa, za juu zimebakizwa, za kati zimekwanguliwa. Ngoma ya mguu ya Lars Ulrich inagonga kama mashine ya taipu. Naipenda sana albamu ile, lakini ni nyumba isiyo na sakafu.

Wengi hudhani dawa ilikuwa kupandisha besi tu. Si rahisi hivyo, na hapa ndipo kasi ya thrashi inapoingia kwenye hesabu. Uzi mnene kuliko wote wa besi, katika usawazishaji wa kawaida, hutetema mara 41 hivi kwa sekunde. Mtetemo mmoja unachukua takriban milisekunde 24. Sasa piga muziki kwa mapigo 200 kwa dakika, mwendo ambao thrashi huufikia bila kutoka jasho, kisha ligawe kila pigo mara nne. Kila noti inapata milisekunde 75. Yaani besi inatetema mara tatu tu, halafu noti nyingine imeshafika. Sikio halipati nafasi ya kuuhisi uzito. Linachokipata ni mgongano wa kiganja kinachozima nyuzi na kidole kinachozigonga. Ukiipandisha besi katika hali hiyo, unachoongeza ni ukungu.

"Enter Sandman", wimbo unaofungua albamu ya 1991, unatembea kwa mapigo kama 123 kwa dakika. Ukiligawa pigo mara mbili, kila noti inakaa karibu milisekunde 244, na besi inatetema mara kumi kamili. Hapo kuna kifua. Kwa hiyo nikisikia kwamba walipunguza mwendo ili wapendwe na redio, najibu kwamba redio ilifaidika, sawa, lakini uzito walioutaka usingepatikana kwa mwendo wa zamani hata wangeajiri malaika kwenye miksi.

Waliyemwajiri ni Bob Rock, prodyuza aliyekuwa ametoka kutengeneza "Dr. Feelgood" ya Mötley Crüe, iliyotoka 1989. Kwa mashabiki wa thrashi hilo peke yake lilikuwa tusi. Walirekodi Los Angeles, kwenye studio ya One on One, kuanzia Oktoba 1990 hadi Juni 1991. Rock aliwataka wapige pamoja chumba kimoja badala ya kujenga wimbo kipande kwa kipande, akamsukuma Hetfield aimbe kweli, si kubweka. Kwenye "Sad but True" nyuzi zilishushwa chini ya kawaida. Kwenye "Nothing Else Matters" ikaingia okestra iliyopangwa na Michael Kamen. Miksi ilirudiwa mara tatu, na gharama zote zikafika kama dola milioni moja. Mimi nikirudia miksi mara mbili tu naanza kumchukia mteja.

Lakini badiliko ninaloliona kubwa kuliko yote halikufanywa na Rock. Ile rifu ya "Enter Sandman", yaani kile kipande kifupi cha gitaa kinachojirudia, ililetwa na Kirk Hammett, mpiga gitaa mwenzake Hetfield, na Ulrich ndiye aliyeshauri kipande chake cha kwanza kirudiwe mara tatu kabla ya mkia kufuata. Basi. Bendi iliyokuwa ikitupa rifu sita au saba kwenye wimbo mmoja, kila moja na hesabu yake, sasa inachukua moja na kuitafuna wimbo mzima. Hapo ndipo biashara ilipo: msikilizaji wa mara ya kwanza anaweza kuishika kabla hajafika kwenye kiitikio.

Nao Metallica hawakuwa wenye njaa. "Master of Puppets" ya 1986 iliuza vizuri karibu bila msaada wa redio, na albamu ya 1988 iliingia kumi bora Marekani. Ile nyeusi ilitoka Agosti 1991, ikakaa namba moja wiki nne, na Marekani pekee imeshauza nakala zaidi ya milioni 16.

Wenzao, bendi nyingine za thrashi, waliiona njia. Megadeth walifupisha nyimbo kwenye "Countdown to Extinction" ya 1992, wakafika namba 2. Anthrax walibadilisha mwimbaji. Slayer walikaza shingo. Megadeth walipofika kwenye albamu ya "Risk", mwaka 1999, hapo mimi pia nilizima spika.

Kwa Metallica kilichopotea kipo, sikatai. Yale mageuzi ya ghafla katikati ya wimbo, pale unapodhani umeshika njia kumbe umeshapelekwa kwingine, hayamo tena. Na kwenye "Load", albamu yao iliyofuata ya 1996, nyimbo 14 kwa dakika 79, wala wepesi haumo: ni muziki wa mwendo wa kati usiojua kusimama. Kelele nyingi wakati ule zilikuwa juu ya nywele walizokata. Mimi ningewakata nyimbo tano.

Ukitaka kujipimia, acha spika ya simu, haina uwezo wa kukuonyesha haya. Tafuta spika yenye koni kubwa (ile duara inayotetema), ondoa kifuniko chake cha kitambaa, piga "Blackened" wa albamu ya 1988 kisha "Sad but True" wa ile nyeusi kwa sauti ileile, na utazame koni inavyotembea.