Kujifunza Kuruka kwa Parachuti kwa Mwanafunzi Mwenye Mfuko Mdogo

Mwanafunzi wa chuo anayefika kwa mara ya kwanza kwenye uwanja wa mafunzo ya parachuti huja na maswali mawili: itakuwaje mwavuli usipofunguka, na kozi inagharimu kiasi gani. Swali la kwanza hutengewa karibu siku nzima darasani. La pili hujibiwa kwa dakika moja, kwa kutajiwa bei ya mruko mmoja, na hesabu yake huanza kuharibika papo hapo. Mzigo ulio mbele yake ni safari nzima, kuanzia darasa la kwanza hadi leseni, na uzito wa mzigo huo hutegemea mpangilio wake mwenyewe zaidi ya bei iliyobandikwa ukutani. Katika miaka niliyofundisha nimewaona wenye fedha kidogo wakimaliza na wenye fedha nyingi wakiishia njiani, na mara nyingi waliomaliza walikuwa wamejua kipi kitangulie na kipi kifuate.

Njia za kuanza ni tatu. Ya kwanza ni tandemu, ambapo mwanafunzi hufungwa kwa mikanda kifuani pa mkufunzi na wote wawili hushuka kwa mwavuli mmoja mkubwa baada ya kutoka ndegeni katika kimo cha mita 3,000 hadi 4,000. Anayetaka kuonja tu, inamtosha. Anayetaka leseni aulize mapema kama mruko huo utahesabiwa katika kozi yake, kwa kuwa baadhi ya shule huuhesabu na nyingine huuchukulia kuwa burudani. Ya pili ni mruko wa kamba tuli: ukanda imara uliofungwa ndani ya ndege humfungulia mwanafunzi mwavuli mara anapouacha mlango. Kimo cha kutokea huwa mita elfu moja na kitu tu, ndege haikai sana angani, na ndiyo maana kila mruko huwa wa bei nafuu. Ya tatu ni kozi ya haraka ya kuanguka huru, yaani kushuka kabla mwavuli haujafunguliwa, iliyoanza kushika kasi Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hapa mwanafunzi hutoka katika kimo kikubwa tangu mruko wa kwanza, mwavuli wake mwenyewe ukiwa mgongoni, huku wakufunzi wawili wakimshika kushoto na kulia. Kozi hiyo huwa na hatua 7 au 8, na mwanafunzi anapozoea kulala vizuri juu ya hewa hubakiwa na mkufunzi mmoja, ambaye naye baadaye humwachia.

Mwenye fedha kidogo huvutwa na kamba tuli, na ana haki yake. Ni njia iliyolea vizazi vingi vya warukaji, na humfundisha mtu mapema kuongoza mwavuli na kutua. Lakini huhitaji miruko mingi zaidi kabla ya kufikia kuanguka huru kutoka kimo kikubwa, na kila mruko una siku yake, nauli yake na chakula chake. Anayeishi karibu na uwanja, akaweza kwenda na kurudi bila gharama kubwa, kamba tuli itamfaa sana. Anayesafiri nusu siku ili aufikie uwanja apige hesabu upya, kwa maana nauli na malazi vinaweza kuimeza nafuu yote aliyoipata kwenye bei ya mruko.

Jambo linalowapotezea wanafunzi fedha nyingi kuliko lolote nililoliona ni kukatisha mafunzo. Mwongozo wa chama cha parachuti cha Marekani, USPA, unamtaka mwanafunzi aliyekaa zaidi ya siku 30 bila kuruka afanyiwe marudio kabla ya kuendelea, na hata mwenye leseni ya daraja A hutakiwa kujinoa tena chini ya usimamizi zikipita siku 60. Nchi nyingine zina mipaka yao inayofanana na hiyo, na sababu yake iko mwilini: mkono unaotakiwa kwenda kwenye kishikio cha kufungulia mwavuli bila kutafuta husahau upesi sana. Namkumbuka binti mmoja aliyekuwa akija kila alipolipwa kibarua chake. Aliruka mara moja, akatoweka wiki tano au sita, akarudi. Kila aliporudi tulianza kwa kumkumbusha yale yale, mara akarudia hatua aliyokwisha kuifaulu, na akaondoka na kitabu cha miruko kilichoongezeka mstari mmoja bila yeye kusogea. Nilimshauri asimame kabisa, aweke akiba kwa miezi minne, kisha aje likizoni na fedha ya hatua zote zilizobaki. Alifanya hivyo na akazimaliza ndani ya siku tisa. Ushauri huo huo nampa kila mwanafunzi: weka akiba kwanza, uje ukiwa nayo yote, na uchague majira ambayo hali ya hewa ya eneo la uwanja hutulia.

Hatua inayorudiwa hulipiwa upya, kwa hiyo maandalizi ya nyumbani ni fedha. Tazama muda wenyewe ulivyo mfupi. Katika sekunde 10 za mwanzo mrukaji hushuka takribani mita 300, na baada ya hapo, akiwa amefikia mwendo wa karibu kilomita 200 kwa saa, humaliza mita 300 nyingine kila sekunde 5 au 6. Akitoka mita 4,000 na kutakiwa kufungua kwenye mita 1,700 hivi, amepata chini ya dakika moja. Ndani ya dakika hiyo isiyotimia anapaswa kusukuma nyonga mbele ili mwili ujipinde, kusoma kipima kimo, kuwatazama wakufunzi na kuzitii ishara za mikono yao, kugusa kishikio mara tatu kwa majaribio, kisha kupunga mikono na kufungua. Yote hayo yanaweza kufanyiwa mazoezi sakafuni chumbani, mtu akiwa amelala kifudifudi, kifua na magoti vimenyanyuka, saa ya ukutani ikihesabu sekunde. Mwanafunzi anayefanya hivyo robo saa kila jioni kwa wiki mbili nitamtambua mlangoni mwa ndege kabla hajasema neno, kwa sababu macho yake huwa yanatafuta upeo wa macho na hayajaganda kwenye ardhi.

Palipo na handaki la upepo, yaani mnara wenye feni kubwa zinazopuliza hewa kwenda juu, dakika 10 humo huzidi muda wa kuanguka huru wa miruko 10. Ni matumizi mazuri kwa anayesumbuka kutulia angani, hasa akigawana muda na wenzake. Lakini handaki halina mlango wa ndege, halina kimo kinachopungua na halina mwavuli wa kuongozwa, kwa hiyo lisichukue nafasi ya kozi.

Ujuzi unaorudisha fedha haraka zaidi ni kufunga mwavuli wako mwenyewe. Kwenye viwanja vingi kuna wafungaji wanaolipwa kwa kila mwavuli, na baada ya miruko 20 au 30 malipo hayo huwa si madogo. Mwanafunzi huanza kwa kusimama na kamba begani, kitambaa kikining'inia mbele yake hadi sakafuni. Hupanga midomo ya vyumba vya hewa katikati ya magoti, huvuta mikunjo nje upande mmoja baada ya mwingine, na kuhakikisha kamba zote zimekaa katikati. Kisha hukisukuma juu kabisa kile kitambaa cha mraba chenye pete nne pembeni, ambacho kazi yake ni kushuka taratibu kwenye kamba wakati wa kufunguka ili mwavuli usijae hewa kwa kishindo kinachoweza kuumiza shingo au kuchana kitambaa. Huzungusha mkia wa mwavuli kuizunguka ile rundo, huilaza chini kwa upole, na hapo ndipo kazi yenyewe huanza: kuitoa hewa kwa magoti na viwiko, huku kitambaa kinachoteleza kikitoroka kila upande. Mara ya kwanza humchukua mtu saa nzima na shati humlowa. Baada ya mara kumi na tano hivi huwa dakika ishirini. Ufungaji umo pia katika mambo anayopimwa anayeomba leseni ya A ya USPA, kwa hiyo kila atakayefika huko lazima aujue, na asiyesubiri hadi mwisho hunufaika mapema. Mwavuli wa akiba, ule wa kutumia mkuu ukikataa, ni habari nyingine kabisa. Huo hufungwa na fundi mwenye cheti tu, kwa muda uliowekwa kisheria, ambao nchini Marekani ni kila baada ya siku 180.

Kuhusu vifaa, mwanafunzi asinunue chochote kikubwa kabla ya kumaliza kozi. Ada za mafunzo kwa kawaida hujumuisha mwavuli, mikanda, kofia ngumu, miwani na kipima kimo. Nguo za zamani zenye tabaka mbili zinatosha, ilimradi mwili uwe na joto, kwani hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kila unapopanda kilomita moja, na kwenye mita 4,000 tofauti na ardhini inafika nyuzi 26. Viatu viwe vya kufunika mguu na visiwe na ndoano za kamba zinazoweza kunasa.

Baada ya kozi vishawishi huanza, na kishawishi kikubwa ni mwavuli mdogo uliotumika, unaouzwa kwa bei ya kutupa. Ukubwa wa mwavuli hulinganishwa na uzito wa mrukaji akiwa amevaa kila kitu. Mtu wa kilo 70 aliyebeba vifaa vya kilo 13 ana kilo 83, sawa na pauni 183. Akiwa chini ya mwavuli wa futi za mraba 230 anapata uwiano wa takribani 0.8, mwendo wa taratibu unaomsamehe mgeni anapokosea. Mweke mtu huyo huyo chini ya mwavuli wa futi 135 na uwiano unapita 1.3: unakata kona kwa kasi, unazama haraka, na kosa dogo karibu na ardhi humvunja miguu au humuua. Ajali nyingi za mchezo huu hutokea chini ya miavuli iliyofunguka salama salimini, mrukaji akiwa amekata kona akiwa chini mno. Mwavuli mdogo kwa mgeni ni ghali hata ukitolewa bure.

Anayenunua vifaa vilivyotumika alipie kwanza ukaguzi wa fundi asiye na uhusiano na muuzaji. Fundi atazikagua zile pete tatu begani, ambazo humwezesha mrukaji kuutupa mwavuli mbovu kwa mvuto mmoja. Atapapasa kitambaa kuona kama kimechoka, ataangalia tarehe ya kutengenezwa, na atasoma muda uliobaki wa kifaa kinachojifungulia mwavuli wa akiba chenyewe mrukaji akipita kimo cha hatari kwa kasi. Kifaa cha kisasa cha aina hiyo, CYPRES, kiliingia sokoni mwaka 1991 na kimeokoa watu wengi tangu hapo. Hubuniwa kwa toleo la wanafunzi pia, linaloamka kwa mwendo mdogo zaidi. Mwanafunzi asikubali kupanda ndege bila kifaa hiki, na asikubali kilichopitwa na muda wake kwa sababu tu mwenye nacho amepunguza bei.

Kuna ubanaji mwingine ambao huniuma ninapouona, nao ni wa tumboni. Mwanafunzi amelala kwenye kiti cha gari ili aokoe malazi, hajala tangu jana, na anapanda mahali ambapo hewa ni nyepesi na baridi. Uamuzi wake utakuwa mzito kwa sekunde mbili tatu, na sekunde mbili tatu ni zaidi ya mita mia moja. Atenge fedha ya chakula na usingizi kabla ya fedha ya mruko. Atenge pia fedha ya bima, baada ya kusoma kama bima aliyonayo inaufunika mchezo huu, kwa sababu nyingi zinautenga.

Siku zitapotea, na bajeti izitambue. Upepo unaokubalika kwa wenye leseni unaweza kuwa mkali mno kwa mwanafunzi: kikomo cha USPA kwa wanafunzi ni maili 14 kwa saa, sawa na kilomita 22 na nusu. Anayekuja kwa siku mbili akidhani ataruka mara sita anaweza kuondoka na mruko mmoja. Siku hizo za kungoja zitumiwe kufunga miavuli, kusikiliza wakongwe wakijadili kutua kwao, na kukaa karibu na mkufunzi mwenye nafasi. Vyama vya warukaji vya vyuo vikuu, vilipo, husaidia sana hapa, kwani hugawana usafiri, hupata punguzo la kundi na mara nyingine humiliki vifaa vya kuazimana. Baadhi ya viwanja pia huwapa wanafunzi kazi za mapokezi au ufungaji na kuwapunguzia bei ya miruko.

Kabla ya kulipa, uliza kwa maandishi: bei inajumuisha vifaa na ufungaji? Hatua ikirudiwa nitalipa kiasi gani? Uanachama na bima viko ndani? Nikilipia kozi nzima na hali ya hewa ikaharibika, fedha yangu itabaki halali kwa muda gani? Na baada ya hatua ya mwisho, bado ninahitaji miruko mingapi yenye usimamizi hadi leseni? Swali hili la mwisho husahaulika zaidi ya yote. Leseni ya A ya USPA huhitaji angalau miruko 25, hali kozi yenyewe huishia mapema zaidi ya hapo, na miruko ya katikati huja na kodi ya vifaa pamoja na ada ya msimamizi. Mwanafunzi aliyeiweka miruko hiyo kwenye akiba yake tangu mwanzo atavuka daraja hilo bila kusimama, na kuanzia mruko wa 26, kama anafunga mwavuli wake mwenyewe na ameazima vifaa vya chama, anacholipia ni kiti chake ndani ya ndege.